Moto wa Kuomba

Vumbi la majivu liliamka kabla ya watu. Lilitanda juu ya meza, juu ya picha ya Bikira Maria, juu ya mto wa mama. Mwanga wa theluji ya mji wa Buffalo ulipoingia dirishani, vumbi lile lilielea ndani yake, jepesi, la kijivu, kama pumzi ya mtu aliyechoka.

Fides alilifuta. Likarudi.

Jiko lake la chuma, linalokula punje za mbao zilizoshindiliwa, lilikuwa limechakaa. Kiwashio chake cha umeme kilikufa. Kamba nene inayoziba ukingo wa mlango wa jiko iliungua, ikabaki nyuzi. Na mama yake, Angelika, aliyetoka Louisville aje kukaa naye, alikunywa uji akiwa amevaa koti. Jiko linalosubiri umeme, alisema mama, ni sawa na ng'ombe anayesubiri baiskeli ndipo aende malishoni.

Revokatus, kaka yake Fides, alipiga simu kutoka Beechmont, huko Louisville ambako baridi ina huruma kidogo. Alisema hakukubali mama ahame ili akagandishwe. Jumamosi atakuja kumchukua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Majivu.

Nenda, Fides, kaombe moto. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akisema zamani, kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, asubuhi za mvua. Na Fides mdogo alitoka na kigae mkononi, mlango hadi mlango, mpaka mwenye huruma amtilie kaa moja jekundu. Alirudi akilipuliza njiani. Siku nyingine jirani alitia kaa, akatia na neno: "Nyie kila siku."

Neno lile lilichoma kuliko kaa.

Vipuri aliviagiza Isaro, binti yake Fides anayesoma chuo Columbus, vikafika kwa posta. Alimsihi mama yake atafute fundi. Fundi alisema atakuja wiki ijayo. Basi Fides alichomoa waya ukutani, akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti mbele ya jiko kama anavyopiga mbele ya altare.

Ee jiko, fungua kinywa. Skrubu zilikataa, zikalia, zikakubali. Kiwashio cha zamani kilitoka kama jino bovu. Kipya kikaingia, cheupe, kimya.

Kisha kamba. Hapo akakosea: aliivuta. Tangu utotoni, kamba kwake ni kitu cha kuvutwa. Kamba ya kuni. Kamba ya ndoo. Kamba ya turubai usiku wa upepo. Aliivuta ikakaza, akaibandika kwenye mfereji wake mlangoni mwa jiko; alipoiachia ikajirudi, na ncha zake hazikukutana. Likabaki pengo la upana wa kidole, na ndani ya pengo lile aliiona Jumamosi ya Revokatus.

Gundi ilikuwa bado mbichi. Akasali. Kisha akaibandua, akairudishia tena bila kuivuta. Aliilaza. Aliilaza kidogo kidogo, kama alivyokuwa akimlaza Isaro mchanga asiamke, na ncha zikagusana.

Gundi ilipokauka, alibana karatasi kwenye mlango wa jiko, akaivuta. Haikutoka.

Akarudisha waya. Punje zikadondoka, ta, ta, ta, kisha kimya. Mama akainuka aende kupuliza. Fides akamshika mkono.

"Subiri, mama."

Na ndani ya jiko, nyuma ya kioo, likatokea jekundu. Dogo. Kaa moja jekundu, ambalo hakuna jirani aliyelitoa. Moshi ukajikunja. Kisha ndimi, moja, nyingi, dhahabu tupu.

Joto likatambaa sakafuni, likapanda kochi, likamfikia mama. Mama akavua koti. Akalitundika msumarini. Akamtazama binti yake, aliyejifuta jasho la paji la uso kwa mkono wenye masizi, akacheka: padre atakuta kazi yake imeshafanywa.

Kisha akauliza taratibu, "Moto huu umeuomba wapi?"

"Hapa hapa, mama. Kwa magoti."

Kwa Revokatus, Fides aliandika maneno machache tu: Jumamosi njoo, kaka. Uje uote moto.

Jioni, kanisani, padre alimpaka majivu juu ya majivu, akamkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Fides alijua. Alitoka kichwa juu, theluji ikimwangukia, akielekea kwenye dirisha lake la rangi ya dhahabu: vumbi, ndiyo, Bwana, lakini vumbi lenye moto wake.