Chumba Namba Mbili, Kuna Bibi

Saa sita na nusu mchana, kengele ya chakula ilipolia katika kiwanda cha kufulia cha Marghera, Ornella Penzo alivua glavu za mpira, akaketi juu ya furushi la mashuka ya hoteli, akaanza kutafuta chumba cha bei nafuu Venezia. Alikuwa akifanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka miwili na miezi minne. Mkono mmoja ulishika mkate wenye soseji ya mortadela, wa pili simu. Mtu mmoja, usiku mmoja, bei ndogo kwanza. Simu ilifikiri kidogo, halafu ikamletea kilekile cha juu ya orodha: chumba namba mbili, mtaa wa Castello, kitanda kimoja, bafu la pamoja, dirisha la mfereji, kuna bibi. Chini yake, kwa maandishi mekundu, waliandika kwamba kimeshajaa.

Bibi huyo alikuwa mama yake.

Signora Argia Penzo, aliyekula chumvi miaka themanini na mitatu, aliishi ghorofa ya pili ya nyumba ile tangu alipoolewa na Bepi, fundi wa meli. Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake waliiuza kwa kampuni, na kampuni ikaitaka tupu, maana Venezia mtu anayelala mahali pamoja kila siku ni hasara. Dalali wa mahakama alikuja mara tatu na mara tatu akaahirisha. Ndiyo desturi yao. Mtu hafukuzwi kwa mkupuo, hupewa nafasi ya kuzoea. Mara ya nne alikuja na polisi, fundi wa kufuli na daktari.

Asubuhi hiyo Ornella alimpigia mama yake simu kutoka Spinea, mji wa bara alikohamia kwa sababu kodi yake inalipika.

"Mama, kaa kwenye kiti chako hapo jikoni. Usisogee mpaka nije."

"Sisogei," alisema Signora Argia.

Kisha mabasi ya majini yakagoma, na Ornella akafika saa nane mchana.

Signora Argia hakusogea. Polisi wawili walimshika makwapa, hakuinuka. Wakaitwa wazima moto wanne, wanaume wenye shingo nene waliowahi kupitisha piano dirishani, wakamvuta yeye na kiti chake mpaka mmoja akateguka kiuno. Daktari alimkadiria kilo arobaini na nane, akaandika hivyo, akapiga mhuri. Dalali alitazama saa yake, akaandika kwamba mpangaji ameshindikana kuondolewa. Hapo ndipo wakili wa kampuni alipochangamka. Alisema kitu kisichoweza kung'olewa ni sehemu ya nyumba, kama ngazi na bomba la moshi, na huuzwa pamoja nayo. Hakimu aliisoma hoja hiyo mara mbili, hakuona kosa. Ornella alifika akakuta mlango una kufuli jipya la tarakimu na mama yake ni mali ya watu.

Wakajenga kumzunguka. Waling'oa jiko la gesi na sinki, wakapaka rangi, wakaingiza kitanda, wakamwacha palepale alipo, kati ya kitanda na dirisha. Mafundi wa vigae walimwomba anyanyue miguu, naye akanyanyua, maana nyayo hazikuwa na tatizo. Simu ya ukutani iliondoka pamoja na kabati la vyombo. Barua za Ornella zilirudi zimeandikwa kwamba mlengwa si mkazi bali ni sehemu ya jengo. Dirisha lenyewe linatazama mfereji, na mfereji ule hauna njia kando yake ya mtu kusimama akaita.

Ornella alikwenda mapokezi siku ya kwanza tu nyumba ilipofunguliwa kuwa hoteli. Aliyekaa pale ni Tiziano, ambaye walikaa dawati moja shule ya msingi, na ambaye alikula kwa Signora Argia siku zote ambazo mama yake mwenyewe alikuwa amelewa.

"Orne, dada yangu, roho inaniuma kweli," Tiziano alisema. "Lakini asiyesajiliwa hapandi ngazi. Polisi wanataka majina ya wote wanaolala."

"Silali, Tiziano. Nakwenda kumwambia Mama twende."

"Ndilo hilo ninaloliogopa! Ukimwambia twende, akaenda, mimi kwenye orodha ya vifaa naandika nini? Hawa wanahesabu mpaka vijiko."

"Vijiko hivyohivyo ulivyolia ugali wa polenta wa mama yangu!"

"Na nilishiba, Mungu ambariki. Sikiliza, usinipigie kelele, kuna Wajapani hapo. Chukua chumba kama watu wengine. Ukishakuwa mgeni, yanayotokea chumbani ni yako, mimi sijui, sikuona. Na sanduku nitakubebea mwenyewe."

Aliyasema haya kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Ornella zaidi ya matusi.

Basi akaanza kutafuta. Mwanzoni bei ilikuwa ya chini kuliko kitanda chochote mjini, kwa sababu ya kasoro iliyokaa dirishani, na ndiyo maana chumba hakikupatikana: wanafunzi wenye mabegi ya mgongoni walikiwahi miezi mitano kabla. Ornella akawa anasoma maoni yao, kwa kuwa habari nyingine za mama yake hakuwa nazo. Kitanda safi, bibi anakohoa, nyota tatu. Kitanda safi, bibi hakohoi tena, nyota nne. Bibi amekonda kuliko kwenye picha. Bibi ametufundisha kucheza karata na ametufunga wote. Siku aliposoma kwamba bibi amelalamika baridi ya magoti, Ornella alilia juu ya mashuka ya watu, na msimamizi akamwambia ayarudishe kwenye mashine.

Kisha mambo yakageuka. Watu wakaanza kumtaka bibi. Wakaandika kwamba hoteli nyingine zina bafu na kifungua kinywa, lakini hii ina Mvenezia halisi, na kumpata Mvenezia siku hizi ni bahati. Bei ikapanda. Kanivali ilipokuja ikapita ya chumba namba tano, chenye dari iliyochorwa malaika. Ornella aliongeza zamu, akaacha nyama, akaacha sigara, na kila alipoikaribia bei alikuta imeshahama. Alikuwa mwanamke mwenye akili timamu, na alijua kwamba anawania na dunia nzima nafasi ya kukaa jikoni kwao.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya sikukuu ya Epifania, katikati ya Januari, ukungu umelala juu ya maji na wageni wamepungua, pale mtu fulani wa Lyon alipovunjika mguu na kufuta safari yake. Ornella alikiona chumba saa sita na dakika arobaini. Alikilipia kwa mshahara wa wiki na nusu, mkate ukiwa bado mdomoni.

Alitandika kitanda cha pili kule Spinea karibu na kipasha joto. Alinunua viatu vya kutembelea, namba thelathini na sita, vya kufunga kwa mkanda wa kunata, kwa kuwa miguu iliyokaa miaka miwili huvimba. Alipika sardini wa siki na vitunguu, akawatia kwenye chupa. Vyote alivipanga ndani ya sanduku dogo la magurudumu aliloazima kwa jirani, na siku ya siku akalikokota juu ya madaraja kumi na moja, huku mwanamke mmoja wa mjini akimsonya kwa kelele za magurudumu.

"Karibu, signora," alisema Tiziano kwa sababu ya mazoea, kisha akaona haya. Alinakili kitambulisho chake. Akamtoza ushuru wa wageni, kwa kuwa Spinea iko nje ya manispaa, ingawa Ornella alizaliwa mita mia nne kutoka pale. Akampa tarakimu za mlango, akafungua ramani, na kwa kalamu ya bluu akamchorea njia ya kwenda uwanja wa San Marco.

"Tiziano."

"Samahani. Mkono tu huo."

Mlango wa namba mbili ulifunguka saa tisa na dakika tano alasiri. Signora Argia alikuwa kwenye kiti chake, amevaa fulana yenye jina la timu ya mpira ya Oslo na shali ya mtu wa Peru. Macho yake yalikuwa mazima, akili yake nzima, nywele zimechanwa.

"Sanduku weka pale," alisema. "Kitanda kinabonyea kushoto, lala kulia. Maji ya moto yanachelewa, usiwe na haraka."

"Mama. Mimi Ornella. Nimekuja. Twende."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Signora Argia. "Karibu, mgeni."

Ornella alipiga magoti, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Akavuta tena. Alihisi mifupa ya mama yake, myepesi kama ya kuku, na chini ya mifupa hiyo nyumba nzima.

"Utajiumiza bure. Wazima moto wanne walishindwa, nawe hata kifua huna."

"Mama, nitazame usoni!"

"Nakutazama. Una sura nzuri, umechoka tu. Jumanne alikuja Ornella mmoja kutoka Denmark, ana futi sita. Kabla yake mtu na mkewe, wote wawili Ornella. Msafishaji alinisomea: wameandika huko kwenye mashine zao, mwambie wewe ni binti yake, anatabasamu vizuri kwenye picha. Basi mimi natabasamu. Wametoka mbali, maskini."

Alitabasamu, kumwonyesha.

Ornella alitoa viatu. Signora Argia alisema ni vizuri, na kwamba Mholanzi aliwahi kumletea kandambili. Ornella alifungua chupa ya sardini. Mama yake alionja mmoja kwa heshima, akasema mtoto wake hutia zabibu zaidi. Ornella alimtaja baba yake Bepi, na kidole alichokipoteza kwenye msumeno wa karakana, na wimbo wa kumbembelezea, na kovu la gotini mwake mwenyewe. Yote hayo, alisema Signora Argia, yeye mwenyewe huwasimulia wageni jioni, na wageni huyaandika.

"Na tena binti yangu ana ufunguo," aliongeza. "Hapigi tarakimu. Haji na sanduku."

Ornella aliketi ukingoni mwa kitanda, upande wa kulia. Nje boti ya kubeba mizigo ilipita na kreti za maji ya chupa. Alikuwa amebakiwa na jambo moja tu ambalo halikuandikwa popote, wala hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Alipiga moyo konde.

"Mama, siku ile ya polisi. Mgomo uliisha saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa Piazzale Roma, mabasi ya bara yanapoishia, tangu saa mbili na nusu. Na hata usingeisha, miguu ninayo, ni mwendo wa dakika arobaini. Niliingia mkahawani nikanywa kahawa tatu. Nilisoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo. Sikutaka kuwaona wakikutoa. Nilisubiri wamalize ndipo nije kukupokea chini mlangoni. Nilikwambia usisogee ili upate la kufanya."

 Tabasamu lilimtoka Signora Argia polepole, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mwanamke aliye nyumbani kwake.

"Wale wengine walikuwa waongo wa kuchekesha," alisema. "Wewe una roho mbaya. Ornella wangu angepita juu ya maji kwa miguu kuja kunichukua. Sasa nina hakika kabisa si wewe."

"Mama..."

"Basi. Yaishe. Umelipa, utalala."

Aliirekebisha shali yake mabegani. Alikuwa mwanamke mwenye malezi mema, na miaka ile ilikuwa imemfundisha kwamba mgeni, hata awe wa namna gani, haachwi kimya.

"Na Venezia umeipendaje?" aliuliza.

Ornella alitazama ukuta wa ng'ambo ya mfereji, ule wenye pete ya chuma ambapo baba yake alikuwa akifunga mashua.

"Nzuri," alisema. "Ghali tu."

"Wote wanasema hivyo," alisema mama yake.

Walilala, mmoja kitandani na mwingine kitini. Saa nne asubuhi Tiziano aligonga mlango, kwa kuwa mtu na mchumba wake kutoka Lisbon walikuwa tayari ngazini. Alilibeba sanduku la Ornella mpaka chini, kama alivyoahidi. Viatu alivikuta baadaye chini ya dirisha, akaviingiza kwenye orodha ya vifaa.

Ndani ya basi la Spinea simu ya Ornella ilitetemeka. Waliomba maoni yake. Alifikiri mpaka vituo viwili vikapita. Bei ikishuka, alijiambia, atarudi tena mwezi wa tatu, safari hii bila sanduku. Akaweka nyota moja. Akaandika kwamba bibi ni mkali, ananuka, anawatukana wageni, na anayependa likizo yake asikanyage pale. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani, lakini aliandika mistari sita.

Bei haikushuka. Nyota moja kati ya elfu na ushei haiinamishi kitu. Jibu la nyumba lilitoka Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, limetiwa sahihi na Tiziano: "Mpendwa mgeni, asante kwa kututembelea. Tumemsomea Signora Argia maoni yako. Amesikitika, lakini anakusamehe, na anaomba uwe umefika salama kwenu."