Lita Kumi za Gari Jekundu

Radjabu alikuwa fundi wa magari Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, mtu wa kutengeneza pikapu za samaki na kuwatukana madereva waliozileta. Lakini kule juu Kizuka, chini ya makuti ya michikichi, alificha gari jekundu la viti viwili, lisilo na paa, aliloachiwa na Mgiriki mmoja aliyehama. Miaka ishirini alilipaka mawese lisipate kutu, taratibu, kama mzazi anayempaka mtoto mafuta. Likaiva wekundu wa chikichi. Tangini alihifadhi lita kumi za siku moja tu: siku atakayoliendesha kandokando ya ziwa hadi Nyanza-Lac, upepo ukimpiga kipara.

Vita vilitangulia siku hiyo. Vikaja vikwazo vya biashara, petroli ikaadimika kama maziwa ya kuku.

Asubuhi risasi zilipolia upande wa Gatete, mkewe Chausiku alimjia huko Kizuka na dumu tupu.

"Baba Kaoutar, Mulamba mwenye boti anavuka kwenda Kigoma. Mashine ya boti iko kavu, haina petroli. Mwenye esanse ndiye anapanda."

"Sina."

"Huna? Na huyu mke mwenzangu mwekundu anakunywa nini, maji ya ziwa?"

Radjabu akalitazama gari.

"Binti yetu iko Kigoma anatungoja," Chausiku akasema, sasa bila mzaha.

Radjabu akachukua mpira, akauingiza tangini, akavuta kwa mdomo, akatema. Petroli ikatiririka dumuni mpaka tone la mwisho.

"Haya, tutembee."

Chausiku alikuwa ameshaketi garini, dumu mapajani. "Tutembee nini? Si mteremko mpaka ufukweni? Madereva wote siku hizi wanashuka moto umezimwa, kuokoa esanse."

Hao ndio aliokuwa akiwatukana kila siku kwa kuchosha breki. Radjabu akacheka, akaketi kwenye usukani, akaachia breki.

Gari likateleza bila sauti. Michikichi ikapita, ziwa likapanda mbele yao kama shuka la buluu linalotandazwa. Mtandio wa Chausiku ukapepea. Hata risasi zilisikika mbali, kama za nchi nyingine.

Lilisimama lenyewe mchangani, kando ya ndagala, dagaa wa huko, walioanikwa.

"Mzee, na hiyo inavuka?" Mulamba akauliza.

"Hiyo imeshafika."

Akaipapasa boneti mara moja, akapanda boti. Katikati ya ziwa lita kumi zilinguruma kwenye mashine nyuma yake, na viganja vyake vilinukia mawese. Lakini alichosikia ni upepo ule wa mteremko wa Kizuka tu.