Mukwe Hakugeuka

Huku kwetu Kasongo, mwanaume hamutazami mama mukwe wake usoni. Akisikia anakuja, anageukia ukuta ama anajifunika shuka. Hata mulevi anajua hiyo.

Basi adhuhuri ile mama Emilienne alikuja hospitali kumujulia hali mume wa binti yake Louise. Huyo mume, Musafiri, alikuwa amepasuliwa ngiri asubuhi. Mama akakohoa mulangoni, kumupa nafasi ya kugeuka. Musafiri akafungua macho, akamukazia usoni, akasema, “Louise, leta maji.”

Mama akatoka mbio kwa aibu. Wagonjwa wakacheka. Muzee Lukumani, baba mudogo wa Musafiri, akamushika mugonjwa bega amuinue. “Unatuvunjia heshima, wewe?”

Mimi Théophile, anfirmie, yaani muuguzi wa chumba kile, sina subira na jamaa za wagonjwa. Nilimusukuma muzee pembeni. “Muache. Hajui nani iko mbele yake.”

Nilishikwa na woga. Mukono wa Musafiri ulikuwa baridi, umelowa jasho, na mapigo yalikimbia, madogo, yakipotea chini ya kidole. Bandeji ilikuwa kavu, ndiyo ilitudanganya. Lakini tumbo nililibonyeza nikalikuta gumu kama ubao. Damu ilikuwa inamwagika ndani.

Nilimukimbilia daktari. Akaja, akatazama mara moja tu. “Arudi meza ya upasuaji. Na munitafutie damu.”

Tukapimwa. Ya Louise haikulingana, ya muzee vilevile, yangu nayo bure. Akabaki mama Emilienne, amejikunyata nje. Yake ikakubali.

“Damu ya mukwe?” Lukumani akatikisa kichwa. “Kesho wataishi namna gani hawa?”

“Akifa leo, hiyo kesho utaishi nayo wewe,” nilimujibu.

Mama Emilienne akanyanyuka. Aliingia, akavua kitambaa cha kichwa, akamufunika Musafiri macho yeye mwenyewe, kisha akalala kando yake na kunyoosha mukono.

Daktari akafungua tumbo upya. Damu ya mama ikapita mupirani. Nilitafuta mapigo ya Musafiri: napata, sipati, napata, sipati.

“Muganga,” mama akaniuliza polepole, “huyu bado ni mukwe wangu, ama sasa nimemuzaa?”

“Nyamaza, mama. Natafuta mapigo.”

Yalikuwa yanarudi, moja moja, halafu yakashika njia. Na mimi, mutu mukali hivi, nikalia mbele ya wote, kidole bado kwenye mukono wake.