Jokofu la Mashua ya Kushonwa

Paramu Achari alikuwa mwana wa Kochukunju Achari, na Kochukunju alikuwa mwana wa Ayyappan Achari, mabwana wa tezo na patasi katika kijiji chote cha Kainakary. Ayyappan ndiye aliyeshona mashua zilizobeba mpunga wa mashamba ya Kuttanad hadi bandari ya Kochi, wala haikusikika hata mara moja kwamba gunia limelowa ndani ya chombo chake. Kochukunju alirithi mkono huo. Watu walipotaka kununua mbao za anjili walimwita kwanza aziguse, na ubao alioukataa yeye haukununuliwa na mwingine. Katika ukoo huo hakuna aliyepiga msumari. Mbao zao zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, ubao kwa ubao, hata chombo kikawa kama jamvi gumu lisilopitisha tone.

Mashua ya mwisho aliyoishona Kochukunju ilikuwa bado hai. Paramu aliitunza, na mwanawe Sasidharan akaijengea juu nyumba ya mianzi, akawa anapakia wageni wa kuzunguka mifereji, wakila na kulala humo humo. Kwa sababu mgeni hapewi samaki aliyelala kwenye joto, Sasidharan alitia jikoni jokofu la betri. Jokofu hilo halikutoa joto lake hewani. Lililisukuma kupitia mabomba mawili membamba hadi kwenye bamba la shaba lililofungwa nje ya mashua, chini ya maji, ili mto ulichukue. Matundu ya mabomba hayo Paramu aliyatoboa mwenyewe na kuyatia kalafati mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine.

Sasa mashua ilikuwa imerudi majini baada ya kupandishwa nchi kavu ipakwe mafuta, na jokofu lilikuwa likinguruma kutwa kucha bila kupoza. Samaki wa karimeen aliyeingia asubuhi alinuka jioni. Fundi wa duka lililoliuza alikuja, akalisikiliza, akatikisa kichwa. Alisema mashine imechoka. Italetwa nyingine kubwa, ya kupozwa kwa upepo, na ili upepo upite sharti ubavu wa mashua ukatwe dirisha la urefu wa mkono. Kesho angekuja na msumeno.

"Haukatwi," alisema Paramu.

"Ni ubao mmoja tu, baba," alisema Sasidharan.

"Ubao mmoja, ndani ya mashua ya kushonwa? Vaa shati, mimi nikukate uzi wa begani, halafu tuone utabaki na nini kifuani."

"Tunawapa wageni samaki wa kunuka, kisha tunawahubiria habari za kamba. Hao watarudi?"

"Mwite Sudharma."

Sudharma alikuwa binti wa Sasidharan, ameolewa mjini Alappuzha, fundi wa majokofu ya boti za uvuvi. Baba yake hakutaka kumwita, akiona haya kwamba binti aliyekwisha kuolewa arudi kwao kuchafua mikono kama kibarua. Lakini kwa Paramu haya ilikuwa ndogo kuliko msumeno. Sudharma alishuka kwenye boti ya abiria ya mchana, asumini kichwani na mkoba wa vyombo begani.

"Babu, nani kakuudhi? Umetafuna tambuu mpaka shavu limevimba."

"Muulize baba yako. Anataka kumpasua baba yangu ubavu."

"Basi nipe jani moja kabla hujayamaliza."

Akalibana jani la tambuu kwenye mlango wa jokofu, akalivuta. Jani lilichanika, mlango haukuliachia. "Mpira unabana. Si hapo." Akapima umeme pale pale kwenye mashine huku ikinguruma, kwa maana betri hujisifu mashine ikizimwa. Umeme ulikuwa wa kutosha. Akachungulia ndani, akakuta pembe moja imeota theluji nyembamba kama unga. "Gesi nayo ipo. Babu, lete kiganja chako. Shika hili bomba linalokwenda kwenye bamba."

"Moto."

"Na hili linalorudi?"

"Moto vilevile."

"Hili lilitakiwa lirudi limepoa. Joto linafika mtoni, halipokelewi, linarudi nyumbani. Kuna kitu kimelifunika bamba blanketi."

Paramu hakuondoa kiganja. Alimgeukia mwanawe taratibu.

"Mwaka huu mafuta alipaka nani?"

"Mimi mwenyewe," alijibu Sasidharan, kidevu juu. "Mafuta ya maganda ya korosho, mara tatu, kama alivyoagiza babu Kochukunju: usiache pakavu hata upana wa kidole. Kagua upendavyo, baba. Kainakary nzima hutapata aliyepaka kama mimi."

"Naamini. Na bamba?"

Sasidharan alitazama miguu yake. "Bamba nililipaka mara nne. Mafuta yalikuwa yakiteleza."

Sudharma alicheka hadi akaketi juu ya gunia la mchele. "Umelivisha koti la mvua, baba. Na kofia juu."

Paramu hakucheka. Miaka yote alipopaka yeye, brashi yake ililizunguka bamba kama mguu unavyoruka kizingiti, wala hakuwahi kuona haja ya kueleza. Alivua shati, akafunga shuka yake mapajani.

"Baba, niache niingie mimi," alisema Sasidharan.

"Wewe umekwisha kulihudumia. Leta vifuu na majivu. Na Sudharma, kaa hapo na bomba. Ya ndani yako, ya nje yangu."

Akaingia, maji yakamfika kifuani, akapapasa ubavu wa mashua hadi akalikuta bamba, gumu na laini kama meza iliyopigwa vanishi. Chuma hakukiruhusu kukaribia kamba. Aliparuza kwa kifuu cha nazi, kikivunjika akadai kingine, kisha akasugua kwa usumba na majivu hadi vidole vyake vikaisikia shaba yenyewe, baridi.

Sudharma akagonga ubao kwa ndani. "Babu, la kurudi linapoa."

"Linapoa vipi?"

"Kama mkono wa mtu aliyetoka kuoga."

"Bado, basi." Akaendelea hadi pembe ya mwisho.

Kabla ya jua kutua jokofu lilikuwa limeota weupe ndani kote, na karimeen wamekakamaa kama vigae. Paramu alichukua simu akampigia fundi wa duka kwa mkono wake.

"Msumeno wako uache nyumbani."

"Nani kalitengeneza, mzee?"

"Mjukuu wangu."

"Yule wa kiume aliyeko Dubai?"

"Yule wa kike aliye mbele yangu."

Kisha akamkabidhi Sudharma mkoba wake wa vyombo kwa mikono yote miwili, kwa heshima, jambo ambalo hakuwa amemfanyia fundi yeyote tangu Kochukunju afariki.

Nanyi vijana, sikieni. Wazee walikataza pakavu kwa ajili ya ubao, kwa kuwa ubao hunywa maji ukaoza, shaba hainywi. Amri ya mzee ishikeni barabara, lakini muulizeni inalinda nini, na akikasirika muulizeni tena kesho yake. Na asiinue mtu msumeno kabla hajayagusa mabomba yote mawili.