Pumzi ya Delmar Stidham

Verlene Stidham alivaa hedfoni asubuhi ile, katika studio moja ya muziki mjini Nashville, akamsikia baba yake akihema.

Alimjua papo hapo. Miaka sita alikuwa akilala chumba cha pili, akiisikia pumzi ile: inavuta kwa mkwaruzo, inakwama, kisha inaachia kama gunia linaloburutwa kwenye kokoto. Ila sasa kila ilipokwama, ngoma ilidunda.

"Hii ni nini?"

"Singo yetu ya kwanza, mpenzi," akasema prodyuza, Kip Tillery. Alivaa kofia ya wachunga ng'ombe, na maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku.

"Huyu ni baba yangu."

"Najua! Nani angebuni mdundo kama huu?"

Verlene alikuwa amemrekodi kwa simu jikoni kwao, Kentucky, mzee akijaribu kuimba wimbo wa kanisani. Mistari miwili tu, hewa ikamwishia. Alitaka sauti hiyo ifungue wimbo wake kuhusu watu wa mgodini, dunia isikie makaa ya mawe yaliwaachia nini. Delmar alichimba miaka thelathini na moja. Alipodai fidia, daktari wa kampuni ya makaa akaapa mbele ya hakimu kwamba mapafu yale yaliharibiwa na sigara. Delmar hakuwahi kuvuta hata moja.

"Maneno yake yako wapi?"

"Tumeyakata. Mzee hakai kwenye sauti."

Kip akamsukumia karatasi yenye maneno mapya ya wimbo. Mgodi ulikuwa umegeuka barabara. Vumbi la makaa lilikuwa vumbi la gari. Mjane wa ubeti wa tatu alikuwa sasa msichana wa kaptura fupi, amekaa nyuma ya pikapu na bia mkononi.

Kwenye sofa alikaa Marcy Dunleavy, bosi wa kampuni ya muziki, akila mkate wenye mchuzi wa soseji. Akalamba kidole gumba, kisha cha shahada.

"Watu wa redio hawataki vifo, mama. Halafu wadhamini wa ziara yako ni watu wa makaa. Wale wale wa kwenu! Unaona wanavyowajali?"

"Siimbi."

"Basi ataimba binti mwingine, jina libaki lako. Mkataba unaruhusu, soma ukurasa wa tisa." Akafuta mdomo. "Lakini ukiimba huu, singo ya pili tutatoa wimbo wa mzee, kama ulivyouandika. Nakupa neno langu."

Verlene akaenda chooni, akanawa uso. Akarudi, akaimba.

Wimbo ukapanda chati kuliko wimbo wowote wa mwaka ule. Alipokwenda nyumbani aliukuta redioni. Delmar, mirija ya oksijeni puani, akausikiliza hadi mwisho.

"Huyo ni mimi, Verlene?"

"Ni wewe, baba."

Akavuta hewa, akaisubiri ishuke. "Mbona siimbi?"

Verlene akazima redio.

Singo ya pili ilitoka Julai. Ilihusu bia.

Mwezi wa nane kampuni ya muziki ikampeleka Verlene kuimba kwenye tamasha la wilaya yao, jina la kampuni ya makaa likiwa limetanda jukwaani. Delmar aliwekwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu, mgeni wa heshima, wakamvika kofia mpya ya mgodini inayong'aa. Jua lilikuwa kali. Kip akachukua kipaza sauti kuwafundisha watu sehemu yao.

"Vuta! Kwama! Achia! Hebu nisikie!"

Watu elfu nne wakavuta, wakakwama, wakaachia. Wakacheka, wakarudia kwa nguvu zaidi. Mama mmoja alijishika koo na kutoa ulimi nje, wenzake wakampiga picha.

Verlene aliona midomo ya baba yake ikigeuka bluu. Akapiga kelele kwenye kipaza sauti chake, lakini kilikuwa kimezimwa. Ngoma zikaendelea. Delmar akainua mkono, kiganja wazi, akiomba wanyamaze apate hewa.

Watu wakadhani anawapungia. Wakampungia na wao, umati mzima, wakishangilia.