Malaika wa Shina

Siku ambayo Bwana Maelezo hakuja bustanini, chai aliyowekewa kama kawaida ilipoa juu ya meza ya kitalu na hakuna aliyethubutu kuimwaga. Alikuwa amefariki alfajiri, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani asiwaamshe wenzake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake: kueleza kila mmea wa bustani kwa maneno machache, ili yaandikwe kwenye kibao.

Mkewe, aliyetunza miche hapohapo, aliporudi kazini alikuta maelezo yake ya mwisho mezani. Yalihusu mmea uliokuwa umeparamia nguzo ya pampu ya maji:

"Hupanda kwa kujizungusha kwenye chochote kilichosimama. Majani matatumatatu. Maua ya zambarau, yananing'inia kama mtu aliyechoka kusubiri. Shina lina malaika laini, kama mkono wa mke wangu asubuhi ya baridi. Maganda yana nywele za rangi ya kutu. Usiyaguse, yanawasha kuliko maneno ya mdogo wangu."

Huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa mchora vibao. Alisoma, akaweka brashi chini.

"Shemeji, hii siandiki. Mtu yuko kaburini bado ananichokoza!"

"Utaandika. Tena hivyohivyo."

"Na hii malaika? Watu watakuja kusali kwenye pampu. Naweka manyoya."

"Manyoya ni ya paka."

"Basi nywele."

"Nywele ni za kichwani, na zako zilishakuaga zamani." Mama wa kitalu akapandisha mkono wa gauni, vinyweleo laini vikaonekana. "Malaika ndio hawa, baba. Tazama."

Shemeji alitazama pembeni kwa aibu.

Alichokuwa hakijui ni kwamba neno lile lilitafutwa mbele ya mama huyu. Vidole vya marehemu vilikuwa vimekufa ganzi kwa jembe, kwa hiyo mimea aliipapasa kwa shavu. Asubuhi moja yenye ukungu aliweka shavu kwenye shina, kisha kwenye mkono wa mkewe, akarudi kwenye shina, akarudi mkononi, kama fundi anayelinganisha vitambaa. "Wewe mzee, kazi gani hiyo?" mkewe alimuuliza. "Nyamaza, napima," akajibu, na akapima muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Neno lingefutwa, asubuhi ile ingebaki na shahidi mmoja tu, naye alianza kuogopa kusahau.

"Sikiliza, shemeji," akasema. "Shika ganda moja. Kama haliwashi kuliko maneno yako, futa yote, andika hata manyoya."

"Mimi? Upupu naujua tangu utotoni. Huu ni ndugu yake mpole, tazama unavyong'aa kama mahameli." Akachuma ganda, akalisugua kiganjani, akajifuta shingo kwa majivuno. "Unaona? Hamna ki—"

Hakumaliza. Alijikuna shingo, akajikuna tumbo, akajikuna mgongo kwa nguzo ya pampu, na nguzo ikamwongezea maganda.

"Mama yangu! Shemeji, nakufa!"

"Hufi. Kaa hapo." Akamkandika matope ya kitaluni, huku machozi ya kicheko yakimtoka, ya kwanza tangu msiba.

"Maneno yangu," shemeji aliguna kutoka ndani ya matope, "hayajawahi kumwasha mtu hivi!"

"Ndiyo maana ameandika 'kuliko'. Amekuhurumia, hujaona?"

Shemeji alilisoma tena neno lile, 'kuliko', akitikisa kichwa. "Kumbe kaka alikuwa ananipenda," akasema. Akafuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa mikono haikufaa, akaomba brashi.

Kibao kipo pembeni ya pampu, hakikupungua neno. Wageni hugusa shina, kisha hutazama mikono yao. Mvua ikififisha rangi, shemeji huja kuirudishia, na siku zote huanza na malaika.