Nusu ya Chini ya Filamu

Marlys Hruska alilisogeza zimwi mguu kiasi cha unene wa kucha, akarudi nyuma, akafyatua picha moja. Akasogeza tena, akafyatua tena, ili kwenye filamu lionekane linatembea lenyewe. Chumba cha chini ya nyumba kilinuka mpira uliopata moto wa taa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, amekatazwa hata kukohoa, maana mbao zikitikisika tu, kazi yote imekwenda na maji.

Zimwi lilikuwa la waya, sifongo na mpira, na Gordon ndiye aliyelipa jina la Shangazi Wilma, kwa sababu videvu vyao vilifanana. Gordon, kaka yake Marlys. Kabla ya kupelekwa Vietnam alikimbia kwenye nyasi nyuma ya nyumba, akaanguka, akajifanya maiti, na Marlys akampiga picha huku kadi nyeusi imeziba nusu ya juu ya lenzi. Sasa filamu ile ile ilikuwa imerudishwa mwanzo ndani ya kamera, kadi imehamia chini, na zimwi linajaza pale juu palipoachwa patupu. Gordon walimzika mwezi wa tatu. Hakuna filamu nyingine aliyomo, na hii yenyewe haijasafishwa. Kosa dogo tu, na Gordon anafutika.

"Si ungeipeleka ilivyo?" Mama alikuwa amemsihi wiki nzima. "Mimi nataka kumwona tu."

"Nilimwahidi nitaimaliza, Mama."

Mkono wa zimwi ulianza kushuka.

"Hapo linamfanya nini?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Linamla. Ndivyo tulivyopanga naye."

"Hapana."

"Mama, usiinuke."

"Nimeshampeleka makaburini mara moja. Hilo dude lako halimli mwanangu ndani ya nyumba yangu."

Marlys alichukia kuingiliwa, lakini moyoni alishukuru. Mkono ule alikuwa akiuogopa tangu mazishi. Tena alikumbuka kwamba siku ile ya kumpiga picha nyasini alicheka hadi akasahau kuachia kitufe, na Gordon akainuka, akajipangusa, akaja mpaka mbele ya kamera. Kipande hicho alikusudia kukikata.

"Haya," alisema. "Litamnusa, halafu litaondoka. Naye atainuka."

Zimwi lilikuwa ndiyo kwanza linageuka, waya wa kifundo cha mguu ukakatika. Likaanza kulala upande. Marlys alilidaka kwa vidole viwili.

"Mama, njoo. Taratibu. Pitia ukutani."

Mama akajibanza nyuma ya mlima wa karatasi uliosimamishwa nyuma ya zimwi, akalishika zimwi mkiani, mahali ambapo kamera haioni.

"Usipumue."

"Sipumui."

"Nyuma kidogo. Hapo hapo."

Taa zilimchoma, jasho likamwingia machoni, asijipanguse. Kila alipoambiwa, alivuta kidogo. Kwa mikono yake mwenyewe alilitoa lile dude juu ya mwanawe, mpaka likapotea nyuma ya mlima.

Filamu ilikuwa imeshatumwa kusafishwa Marlys alipogundua. Alikuwa anaosha sahani, akaiacha izame. Gordon alipoinuka na kusogea karibu, kichwa chake kilipanda kwenye nusu ya juu, ile iliyokuwa imezibwa. Mama anangojea uso, ataletewa mtu asiye na kichwa. Na Marlys hakuweza kumwambia.

Siku kifurushi kilipofika alijaribu. "Labda nitazame kwanza peke yangu."

"Thubutu," alisema Mama, akatundika mwenyewe shuka la kumulikia picha.

Gordon alikimbia. Alianguka. Shangazi Wilma aliinama, akanusa, akarudi nyuma akitetemeka kidogo, na Mama akacheka akilia. Kisha Gordon akainuka, na kadiri alivyokaribia ndivyo kichwa, halafu shingo, halafu mabega yalivyomezwa na mlima wa karatasi.

"Kichwa chake kiko wapi?"

Marlys aligeukia mashine ya kuonyeshea filamu.

"Marlys, nakuuliza. Kichwa cha mwanangu kiko wapi?"

Fulana ilijaza nusu yote ya chini ya shuka. Marlys alinyoosha mkono azime mashine. Hapo hapo Gordon akainama kuchungulia lenzi, na uso wake wote ukashuka ukaingia kwenye nusu ya chini, mkubwa, una majani kwenye nyusi, midomo inasema.

"Anasema nini?" Mama alinong'ona.

"Anauliza kama bado napiga picha."

Mama aliinuka akaenda mpaka kwenye shuka, picha ikimwangukia mgongoni.

"Mwambie bado unapiga," alisema.